Majani Niliyoyapangusa

Vijana wa hapa Makongeni huniita guka, ingawa mimi ni Mkamba na guka ni neno la Wakikuyu la babu. Nimeacha kuwasahihisha. Mtu akishastaafu hupokea jina lolote analopewa, mradi aitwe kwa heshima. Juzi wawili wenu, mnaofanya kazi kwenye vibanda vya plastiki vya maua upande wa Ruiru, mlinionyesha kidude cha kubana jani. Unalibana, kioo kinawaka, nacho kinakuambia kama jani linakula au halili. Niliwauliza, "Na kabla ya kulibana, mlilitazama?" Mkacheka, mkidhani nawatania. Sikuwa nawatania, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza tuelewane kuhusu huko kula. Jani ni jiko. Moto wake ni jua, maji yanapanda kutoka mizizini, na hewa inaingia kwa vinywa vidogo sana ambavyo jicho halivioni. Kinachopikwa humo ni sukari, na ile ya ziada inawekwa akiba kama wanga. Vitabu vya wajukuu wangu vinaiita kazi hiyo usanisinuru. Sisi tuliiita kupika, na sioni kama tulikosea sana. Jua likipungua, maji yakikosekana au vinywa vikifungwa, chakula hakiivi, na mti usiokula hauzai.

Hatukuwa na kidude cha kubana. Tulikuwa na sufuria. Unachuma jani alasiri, baada ya kushinda juani. Unalichovya kwenye maji yanayochemka mpaka lilegee. Kisha unalitia kwenye mkebe wa spiriti, na mkebe huo unauketisha ndani ya sufuria ya maji moto, mbali na jiko. Rangi ya kijani inatoka yote, jani linabaki limepauka. Unalisuuza, unalitandaza kwenye sahani nyeupe, unalidondoshea aidini, ile ile dawa ya vidonda. Likigeuka jeusi lenye ubuluu, ujue limekula na kuweka akiba. Likibaki na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, limeshinda njaa.

Nasisitiza hapo niliposema mbali na jiko. Siku yangu ya pili katika kazi hiyo ya majani niliona hayo maji moto ni usumbufu mtupu, nikauweka mkebe wa spiriti juu ya makaa moja kwa moja. Nyusi zangu zilikwenda kwa sauti ndogo tu, kama mtu anayezima mshumaa. Zilirudi baada ya miezi, lakini ya kushoto haijapata nguvu mpaka leo. Wajukuu wanadhani ni uzee, nami nimewaacha waamini hivyo.

Hayo yote yalitokea miaka ya hamsini, wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na mkoloni, kwenye shamba kubwa la kahawa katikati ya Ruiru na Thika. Wakikuyu wengi waliokuwa wakilifanyia kazi walikuwa wamepelekwa kizuizini au wamerudishwa vijijini kwao, na sisi Wakamba tukaletwa kujaza nafasi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Kazi yangu ya kwanza haikuwa shambani, ilikuwa ndani ya nyumba ya meneja. Nilifagia, nikang'arisha sakafu, na kila Jumatatu na Alhamisi nilipangusa majani ya maua ya memsahib, mke wa meneja, yaliyopangwa kwenye vyungu pale verandani. Memsahib alikuwa akipitisha kidole juu ya jani, kisha anakitazama. Kidole kikitoka na vumbi, siku yangu imeharibika. Nikajizoeza kutembea na kitambaa chenye unyevu mfukoni, na baada ya mwaka mmoja mkono wangu ulipangusa jani lolote lililokuwa karibu bila hata kuniomba ruhusa.

Kisha akaja mtaalamu, Mzungu mrefu mwenye magoti mekundu, aliyeajiriwa na mwenye shamba kutafuta sababu ya mazao kushuka. Alitaka msaidizi anayejua kuandika namba. Memsahib alinitoa, nadhani bila majonzi. Wafanyakazi walikuwa wamempa mtaalamu huyo jina la Bwana Kwa Nini, maana hayo ndiyo maneno ya Kiswahili aliyoyajua vizuri kuliko mengine yote. "Hii jani iko lala. Kwa nini? Ile iko simama. Kwa nini?" Ukimjibu, anauliza kwa nini ya jibu lako. Wiki ya kwanza nilimwona mjinga. Wiki ya pili niligundua kwamba mimi ndiye nisiyekuwa na majibu, na tangu hapo ugonjwa wake ukanishika na haujanitoka.

Alinifundisha kubisha hodi kwenye jani. Unachukua mafuta ya taa kidogo kwenye kijiti, unaligeuza jani la kahawa na kuweka tone upande wa chini, kwa sababu vinywa vya kahawa viko chini tu. Vikiwa wazi, mafuta yananywewa papo hapo na jani linaonyesha doa jeusi la unyevu. Vikiwa vimefungwa, tone linakaa pale pale likikuangalia. Nilibisha hodi mashamba mazima. Saa tatu asubuhi karibu kila jani lilifungua. Saa saba mchana, wakati wa kiangazi, nilikuwa kama mhubiri aliyefika kijijini siku ya soko. Hakuna aliyekuwa nyumbani.

Nilifurahi kama niliyevumbua jua lenyewe. Nikaenda kumweleza Mama Wambui, mwanamke Mkikuyu aliyekuwa akipogoa kahawa kwenye safu za kando ya barabara. Kupogoa ilikuwa kazi ya wanaume, lakini wanaume hawakuwepo, na yeye alikuwa ameshika makasi ya mumewe siku mumewe alipochukuliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukata.

"Kwa hivyo kahawa inafunga mlango saa saba," akasema.

"Ndiyo. Inaogopa kupoteza maji. Lakini ikifunga, hewa nayo haiingii, kwa hivyo inaacha kupika."

"Na sisi saa saba tunakaa wapi?"

"Kivulini."

"Sasa hiyo mafuta ya taa umemwaga yote ndiyo ujue kahawa iko na akili kama ya mtu?"

Hata hivyo siku iliyofuata alinivuta mkono mpaka kwenye safu ambayo nyasi kavu zilikuwa zimetandazwa chini ya miti, akaniambia nibishe hodi hapo. Ilikuwa karibu saa saba, na majani mengi bado yalikuwa wazi. Udongo uliofunikwa ulikuwa umehifadhi maji, na mti haukuwa na haraka ya kujifungia. Yeye alikuwa akijua tangu zamani kwamba kahawa iliyotandaziwa nyasi hainyauki mapema. Ila sababu hakuijua, na nilipomwambia aliligeuza jani na kuliangalia kwa muda mrefu. Nilimpenda kwa hilo. Watu wengi wakishajua jambo hawataki tena kulisikia.

Ningeweza kuwaeleza pia jinsi nilivyoichoma miche ya nasari, kule kitaluni. Niliionea huruma kwa kukaa gizani, nikaiondolea kivuli chote siku moja badala ya kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kufika Jumapili ilikuwa imebabuka, majani meupe katikati. Shikeni jani lililokulia kivulini na lililokulia juani, myapapase kwa vidole. La kivulini ni pana na jembamba, la juani ni dogo na nene. Jani hujishonea nguo ya mahali lilipozaliwa, na ukilihamisha ghafla halina ya kubadilisha. Lakini si hayo ninayotaka kuwasimulia leo. Nataka kuwasimulia kosa ambalo bado linanipa aibu.

Safu za Mama Wambui zilipakana na barabara ya udongo mwekundu, na humo malori ya mkonge na mananasi yalipita kutwa kwenda viwandani Thika. Kiangazi kikikolea, miti ile ilikuwa myekundu kuliko kijani. Ilizaa kidogo, na matawi yake yalikauka ncha. Meneja alisema ni makasi: mwanamke hajui kupogoa, anaacha matawi mabaya, anakata mazuri. Bwana Kwa Nini alishuku vumbi. Alidhani vumbi linalizuia jua, na jiko linakosa moto. Wakakubaliana kupima.

Kazi ya kuchagua majani ilikuwa yangu. Nilifunga uzi mwekundu kwenye vikonyo vya majani ishirini kando ya barabara, na ishirini katikati ya shamba ambako vumbi halikufika. Yote yalikuwa ya jozi ya tatu kutoka ncha ya tawi, ili yawe na umri mmoja. Nafunga uzi leo, nachuma kesho alasiri. Tukachemsha, tukapausha, tukadondoshea aidini. Majani ya barabarani yakatoka meusi sawasawa na yale ya katikati. Tulirudia mara ya pili na ya tatu. Meusi.

Bwana Kwa Nini alijikuna shingo. Alikuwa mtu mkweli, na sahani zilikuwa mbele yake. "Vumbi hapana kosa," akamwambia meneja. "Jani iko kula sawa." Meneja hakuhitaji zaidi. Ilikuwa Jumatatu. Alimwambia Mama Wambui aondoke Jumamosi.

Nyinyi mtaona ni kazi tu imeisha, mtu atatafuta nyingine. Wakati ule haikuwa hivyo. Mama Wambui aliishi na watoto watatu kwenye chumba cha nne cha laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi, na ruhusa ya kuishi hapo ilitokana na makasi yale. Akifukuzwa, angepelekwa kijiji atakachopangiwa, pengine mbali, asikomjua mtu. Na mumewe alikuwa kizuizini. Barua moja tu ilikuwa imefika, imefutwafutwa maneno, ikisema yuko hai na kwamba akiachiliwa atakuja pale pale shambani.

"Chumba namba nne, hiyo tu ndiyo anajua," aliniambia. "Nikitolewa hapa, atakuja aambiwe nini? Atatutafuta kwa nani?"

Nilimpa pole. Ndiyo, mimi, nilimpa pole.

Jumatano Bwana Kwa Nini alinituma kufunga uzi mara ya nne. Alikuwa hajaridhika, ingawa hakujua kwa nini, na kwake hilo lilikuwa kama kuumwa jino. Mama Wambui alikuwa akipogoa mti wa jirani. Makasi yake yakanyamaza.

"Mutiso, unafanya nini?"

"Nafunga uzi, mama."

"Uzi naona. Nauliza hiyo kitambaa."

Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa umeshika kitambaa chenye unyevu, chekundu kwa vumbi, na mbele yangu jani lenye uzi lilikuwa linang'aa kama la verandani kwa memsahib. Nikageuka nyuma. Katika safu nzima nyekundu, majani yangu ndiyo pekee yaliyokuwa kijani. Nilikuwa nimeyapangusa yote, mara zote tatu, kila jani kabla ya kulifunga uzi. Halafu yalipata siku nzima ya kula jua yakiwa safi, ndipo nikayachuma na kuyapeleka yakatoe ushahidi kwamba vumbi halina neno.

Mama Wambui alikuwa ameelewa kabla yangu. Hakupiga kelele. Alisema, "Mimi sitaenda kusema. Mtu amefukuzwa akisema kitu, wanaona anajitetea." Akaendelea kukata.

Ningependa kuwaambia kwamba nilikimbia kwa Bwana Kwa Nini saa ile ile. Sikukimbia. Niliogopa. Meneja ndiye aliyeweka sahihi kwenye kipande changu, kile kitambulisho cha kazi, na niliwahi kumwona akimfukuza mtu kwa kuvunja kikombe. Nilijiambia kwamba labda makasi kweli yana kosa, na labda mtu mwingine atagundua. Mtu akiogopa huwa na labda nyingi. Nikala chakula changu cha jioni, na nakumbuka kilikuwa kitamu, jambo linaloniudhi mpaka leo.

Alhamisi asubuhi mawingu yalikuwa yamelala juu ya mlima Kilimambogo. Masika yalikuwa yanakaribia. Hapo ndipo hofu yangu ilipogeuka upande wa pili. Mvua ikinyesha, itaosha kila jani la barabarani. Hakutakuwa tena na vumbi la kupima mpaka kiangazi kijacho, na uongo wangu utakuwa ndio ukweli wa shamba. Tulikuwa na jua la siku moja, pengine, na mimi nilikuwa nimeshapoteza moja nikila githeri.

Nilimkuta Bwana Kwa Nini mezani kwake. Nikatoa kitambaa na kukiweka mbele ya karatasi zake. Nikamweleza. Alikiinua kitambaa kwenye mwanga, akakigeuza. Kisha akauliza, na sidhani alikuwa amepanga kuuliza hivyo, "Kwa nini?"

"Memsahib," nikasema.

Alifunika uso kwa mikono. Mabega yalimtikisika, na nilidhani analia. Alikuwa anacheka, lakini alipoinua uso hakukuwa na furaha ndani yake. "Mimi kosa pia," akasema. "Mimi hapana kwenda ona." Akachukua kofia.

Tulikwenda pamoja barabarani jioni ile. Safari hii hakutaka kulinganisha jani na jani. Alinifanya nipanguse nusu moja ya kila jani, kutoka mshipa wa katikati kwenda ukingo wa kulia, na nusu ya kushoto niiache na vumbi lake. Mti mmoja, jani moja, jua moja. Mpaka leo sijaona kipimo kizuri kuliko hicho, na nilikifanya kwa kitambaa kile kile. Mama Wambui alisimama akitutazama, akawazuia wafanyakazi wengine wasipite karibu na kutikisa matawi.

Ijumaa jua lilitoka. Lilikuwa na mawingu ya hapa na pale, na kila lilipojificha nilisimama mlangoni na kuliangalia kana kwamba ningeweza kulisukuma. Saa nane mawingu yakafunga kabisa. Tukachuma. Bwana Kwa Nini akamwita meneja aje ashuhudie tangu mwanzo, majani yakiwa bado na vumbi, ili asiseme tumecheza. Nikachemsha maji. Bwana Kwa Nini ndiye aliyeushika mkebe wa spiriti, nadhani akikumbuka nyusi zangu.

Aidini ilipoenea kwenye jani la kwanza, mstari ulijichora wenyewe katikati. Upande wa kulia ukawa mweusi. Upande wa kushoto ukabaki strungi, na madoa machache meusi mahali ambapo vumbi lilikuwa jembamba. Jani la pili hivyo hivyo, na la tatu. Sikuwahi kuona njaa ikiandikwa waziwazi namna ile. Meneja aliinama juu ya sahani kwa muda, kisha akatazama nje, ambako matone makubwa ya kwanza yalikuwa yanaanza kupiga mabati.

"Mama kaa," akasema. "Na wewe toka nyumba hii ya dawa. Hapana rudi."

Bwana Kwa Nini alinitetea. Alisema msaidizi anayesema kosa lake ni bora kuliko asiyekosea. Meneja alisema yeye hataki mtu anayepangusa ushahidi, na kusema kweli siwezi kumlaumu sana. Jumatatu yake nikapewa makasi na kupelekwa safu za barabarani, chini ya Mama Wambui. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu, na niliifanya kazi hiyo mpaka nilipostaafu.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kukata hata kijiti. Aliniweka mbele ya mti mmoja akaniambia nimwonyeshe ni jani gani linapata jua asubuhi, ni lipi linalipata jioni, na ni lipi limefunikwa na wenzake linakaa tu likilishwa. Sikuweza. Nilikuwa nimechuma, nikachemsha na kupaka dawa majani mia na zaidi, na sikuwa nimewahi kuutazama mti mzima. "Basi hiyo ndiyo kazi," akasema. Kupogoa ni kugawa jua, na jua halitoshi wote.

Barabara ikaanza kumwagiwa maji wakati wa kiangazi kwa pipa lililofungwa kwenye trekta, na ua wa miti ukapandwa kuzuia vumbi. Kahawa ile haikupona kwa mwaka mmoja. Mti uliolala njaa muda mrefu hutumia chakula cha kwanza kujitibu, sio kuzaa, na mkiwa na haraka mtadhani dawa imeshindwa. Lakini ilirudi. Vumbi nalo halikuisha kabisa. Kila kiangazi Mama Wambui alikuwa akinitazama mikono ninapoingia safuni, kuhakikisha haina kitambaa, na sikuwahi kujua kama ni mzaha.

Kiangazi cha pili baada ya hapo nilikuwa nikipogoa mti wa mwisho kabisa, ule wa kona. Mtu alikuja kwa miguu kutoka upande wa Thika, mwembamba, amebeba mfuko mdogo wa gunia, mwekundu kwa vumbi tangu nywele mpaka viatu. Alisimama ng'ambo ya ua. Alizitazama safu moja moja, kama mtu anayezifahamu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama chumba namba nne bado kina watu.

Nilitaka kumjibu vizuri, kumwambia ndiyo, wako wote, na watoto wamekuwa warefu. Badala yake nilinyoosha makasi kuelekea kwenye moshi wa laini, naye akaenda.